Figo Iliyong'aa Haina Kosa

Kuna neno limeenea Busia na Malaba, mpakani mwa Kenya na Uganda, nalo humfikia mgonjwa kabla hajaonana na daktari: skani ya PET ikipigwa, kila kinachowaka ni saratani. Utalisikia kwenye benchi la wagonjwa wa nje, utalisikia kwenye basi la usiku la kutoka Nairobi, na utalisikia hata kwa watu wenye elimu yao, wakiwemo baadhi ya wahudumu wa afya ambao hawajapata nafasi ya kuzisoma picha hizi kwa karibu. Wanaolisema hawana nia mbaya. Wengi wao wanampenda mgonjwa na wanataka ukweli ujulikane mapema. Lakini neno lenyewe si kweli. Na kwa kuwa kwa neno hilo ng'ombe huuzwa, mashamba huwekwa rehani na watu hukata tamaa ya kutibiwa, sioni haki ya kuliacha lipite.

Kwanza tuone picha yenyewe inavyofika huku. Mashine ya kwanza ya PET nchini Kenya iliwekwa katika Hospitali ya Chuo Kikuu cha Aga Khan, Nairobi, mwaka 2018. Hospitali ya Mafunzo, Rufaa na Utafiti ya Chuo Kikuu cha Kenyatta ikafuata miaka michache baadaye. Kabla ya hapo mwenye uwezo alipanda ndege, mara nyingi kwenda India, na asiye na uwezo alibaki na picha za kawaida. Dawa inayotumika sana katika kipimo hiki, yaani sukari iliyotiwa mionzi ambayo madaktari huiita FDG, haiwezi kuletwa mpakani kwa gari: nguvu yake hupungua kwa nusu kila dakika 110, hivyo baada ya saa nane barabarani ingebaki kama asilimia 5 tu. Ndiyo maana anayesafiri ni mgonjwa. Wa Malaba hupitia Bungoma, Webuye na Eldoret. Wa Busia hupitia Kisumu na Kericho. Siku chache baadaye anarudi na bahasha yenye ripoti, diski na karatasi moja au mbili za picha.

Ripoti imeandikwa kwa Kiingereza cha madaktari, kwa hiyo jamaa huiweka kando na kushika picha. Wanachokiona ni mtu aliyeinua mikono, mwili wake wa kijivu hafifu, na juu yake madoa meusi, ambayo ndiyo husemwa kuwa yamewaka. Kichwani pameiva weusi. Mgongoni kuna madoa mawili yenye umbo la haragwe. Chini kabisa, kwenye nyonga, kuna doa moja zito kuliko yote. Katikati ya tumbo kuna mistari iliyojikunja, na upande wa kulia kivuli kipana cha kijivu. Wanahesabu: moja, mawili, matatu, manne. Kabla daktari hajaita jina, hukumu imeshatolewa: imesambaa.

Ninasema hivi bila kumdharau mtu, kwa sababu wanaoamini hivyo wana hoja, tena hoja zenye uzito. Nitazitaja kama wao wenyewe wangezitaja.

Ya kwanza ni ya kisayansi. Katika miaka ya 1920 Mjerumani Otto Warburg alionyesha kwamba seli za saratani hula sukari kwa pupa kuliko seli nyingi za kawaida. FDG ilitengenezwa juu ya msingi huohuo, na binadamu wa kwanza walidungwa mwaka 1976 huko Marekani. Ikiwa kipimo kimejengwa juu ya ulafi wa saratani, si ajabu mtu kudhani kwamba kinachokula ni saratani.

Ya pili ni ya kwetu hasa. Mwaka 1958 daktari wa upasuaji Denis Burkitt, aliyekuwa akifanya kazi Mulago, Kampala, alichapisha maelezo ya uvimbe wa taya kwa watoto wa Kiafrika. Aligundua pia kwamba watoto haohao mara nyingi walikuwa na uvimbe ndani ya tumbo: kwenye figo, ini, ovari. Ugonjwa huo leo unabeba jina lake, na ukanda wake unajumuisha eneo la Ziwa Viktoria, pande zote mbili za mpaka wetu. Limfoma ya Burkitt, yaani saratani ya mfumo wa limfu, hukua haraka mno na hula sukari kwa kasi ileile. Kwenye PET huwaka vikali. Kwa hiyo mtu wa Busia anayeogopa doa la tumboni hajabuni hofu hiyo.

Ya tatu ni ya uzoefu. Wagonjwa wetu wengi hufika hospitali wakiwa wamechelewa. Mtu aliyemzika ndugu yake kwa sababu dalili ilipuuzwa ana haki ya kusema: heri tuogope kupita kiasi kuliko kupuuza tena.

Hoja zote tatu ninazikubali. Ninachokikataa ni hatua inayofuata. Kutoka kwenye "saratani nyingi hula sukari" mtu anaruka hadi "kila kinachokula sukari ni saratani", na hapo mantiki inakatika. Wahenga walisema penye moshi hapakosi moto, na kwa hakika hapakosi. Lakini jioni ukiwa Amagoro ukaona moshi juu ya jiko, huendi kuita watu waje na ndoo. Unajua pale ni jikoni, na saa hiyo ni ya kupika. Moshi huohuo ukitoka ghalani, utakimbia. Tofauti haiko kwenye moshi, iko kwenye kujua nyumba ilivyopangwa.

Basi tuijue nyumba, hasa tumbo, kiungo kwa kiungo.

Ubongo, ingawa hauko tumboni, ndio unaofungua kesi hii, kwa kuwa unaivunja kanuni papo hapo. Ubongo huishi kwa sukari mchana na usiku. Katika skani ya kila mtu mzima mwenye afya, ubongo huwa mweusi tititi. Ikiwa kuwaka ni saratani, kila binadamu anayepigwa picha hii ana saratani ya ubongo. Hakuna anayekubali hitimisho hilo, kwa hiyo kanuni iliyolizaa lazima iachwe.

Figo na kibofu ndivyo vinavyowatisha watu zaidi, na ndivyo vyenye maelezo rahisi zaidi. Sukari ya kawaida inapochujwa na figo, hurudishwa karibu yote kwenye damu; ndiyo sababu mkojo wa mtu asiye na kisukari hauna sukari. FDG imebadilishwa kidogo katika umbo lake, na visafirishaji vya figo haviitambui sawasawa, kwa hiyo sehemu yake hupita na kushuka kwenye mkojo. Figo huwaka kwa kuwa zinafanya kazi. Mirija ya kuelekea kibofuni huonekana kama vipande vya uzi, mara kimoja hapa, kingine pale, kulingana na mahali mkojo ulipokuwa wakati mashine ikipita. Lile doa zito kuliko yote, ambalo jamaa huliita "mama wa ugonjwa", mara nyingi ni mkojo tu uliokusanyika. Ndiyo maana mgonjwa huambiwa anywe maji ya kutosha na aende haja ndogo kabla hajalala kwenye mashine.

Lakini hapa pana upande wa pili, nao lazima usemwe. Kwa kuwa mkojo wenyewe unawaka, saratani ya kibofu au ya figo inaweza kujificha ndani ya mwako huo. Figo iliyong'aa haina kosa, wala haijathibitishwa kuwa nzima. Kwa viungo hivi FDG ni shahidi dhaifu, na daktari makini hutafuta ushahidi kwenye picha ya CT, kwenye ultrasaundi au kwa kamera ya kibofu.

Ini lina kisa chake. FDG ikiingia ndani ya seli hugongwa muhuri wa fosfeti na kunaswa humo. Seli nyingi haziwezi kuufuta muhuri huo. Seli za ini zina kimeng'enya kinachoufuta, kwa hiyo sukari huvuja polepole na kurudi kwenye damu. Matokeo yake ni rangi ya kijivu ya wastani, iliyosambaa sawasawa kama shuka iliyotandikwa vizuri. Rangi hiyo ni hali ya kawaida, na zaidi ya hapo, madaktari wameifanya rula. Mwaka 2009 wataalamu wa limfoma walikutana Deauville, Ufaransa, na kutokana na mkutano huo likapatikana kipimo chenye alama 1 hadi 5. Uvimbe ulioshuka chini ya kiwango cha ini baada ya dawa ni habari njema. Uliobaki juu sana ya ini ni habari mbaya. Fikiria maana yake: mwako wa kiungo kizima ndio unaotumika kuamua kama mgonjwa anapona. Ingekuwa kila mwako ni ugonjwa, rula hiyo isingekuwepo.

Hapo pia ndipo inapoanguka namba ambayo wengine huishika kama amri. Ripoti hutaja kiasi cha sukari kilichofyonzwa kwa kipimo kinachoitwa SUV, na pana mazoea ya kusema kwamba ikizidi 2.5 ni saratani. Namba hiyo ilitokana na utafiti wa zamani wa vivimbe vya mapafu, na hata huko ilikuwa ya makadirio. Ini la mtu mzima asiye na ugonjwa mara nyingi husoma kati ya 2 na 3. Kibofu kinaweza kusoma makumi. Ukiipeleka 2.5 tumboni kama msumeno usiochagua, utawahukumu wazima na kuwaachilia baadhi ya wagonjwa. Tena SUV hubadilika kwa uzito wa mtu, kwa sukari iliyo kwenye damu yake, kwa dakika zilizopita tangu adungwe, na kwa mashine yenyewe. Namba ni ya kulinganishwa na kitu, haiwezi kusimama peke yake.

Sasa wengu, kiungo ambacho kwetu mpakani kinastahili kuangaliwa kuliko vyote. Kwa kawaida wengu huwa na mwako sawa na wa ini au chini yake kidogo. Ukiuona umelizidi ini, kitabu kilichoandikwa kwa ajili ya wagonjwa wa Ulaya kitakutajia limfoma mapema. Lakini Busia imo katika ukanda wa ziwa ambako malaria haiondoki mwaka mzima. Chanjo ya malaria ilipoanza kutolewa kwa majaribio magharibi mwa Kenya mwaka 2019, Busia ilikuwa miongoni mwa kaunti zilizochaguliwa. Wengu ndio kichujio kinachosafisha damu yenye vimelea, na ukiwa kazini huvimba na kula sukari zaidi. Hali kadhalika upungufu mkubwa wa damu, maambukizi mengine, na sindano wanazopewa wagonjwa wa kemotherapi ili kuamsha uboho utengeneze chembe nyeupe: zote huuamsha wengu uwake wote kwa pamoja. Kwa hiyo mwenye kusoma picha ya mtu aliyetoka Funyula au Nambale anahitaji kujua kama alikuwa na homa wiki iliyopita. Hilo haliko kwenye diski. Liko kinywani mwa mgonjwa, na mara nyingi hakuna aliyemwuliza.

Jambo hilohilo huenda mbali zaidi ya wengu. Chembe nyeupe za damu zinapopigana na ugonjwa nazo hula sukari, na PET haiwezi kutofautisha mlo wa askari na mlo wa adui. Kifua kikuu cha tumbo, kinachoshika tezi za limfu na mahali utumbo mwembamba unapoungana na mpana, huwaka sawa na saratani. Mtu anayeishi na virusi vya UKIMWI anaweza kuwa na tezi zinazowaka bila saratani yoyote, hasa kama virusi havijadhibitiwa au ameanza dawa karibuni. Kule Port Victoria na Bunyala kwa jumla, ambako watu huingia majini kila siku, kichocho cha utumbo nacho huchokoza kuta za utumbo na ini kwa miaka. Hakuna namba ya SUV inayotenganisha kifua kikuu na limfoma kwa uhakika. Kinachotenganisha ni kipande cha nyama kilichotolewa na kuangaliwa kwa darubini.

Hapo najua nitaulizwa: kama ni hivyo, PET ina faida gani kwetu? Ina faida kubwa. Inaonyesha mahali pa kutoa hicho kipande. Inaonyesha kama dawa inafanya kazi. Inaonyesha uvimbe uliohamia mahali ambapo hakuna aliyefikiria kupachunguza. Sikatai kipimo, nakataa kukifanya hakimu ilhali ni shahidi.

Utumbo ndio mgumu kuliko vyote, na hata wataalamu huusoma kwa tahadhari. Mfuko wa chakula huwa na mwako hafifu, hasa sehemu ya juu. Utumbo mwembamba huonekana hapa na pale. Utumbo mpana hutofautiana mno kati ya mtu na mtu. Upande wa kulia, penye tishu nyingi za kinga, huwaka zaidi. Kisha kuna metformini, dawa ya kisukari iliyo kwenye mifuko ya plastiki ya wazee wengi hapa. Metformini huufanya utumbo, hasa mpana, uwake wote kwa ukali, hata picha ikaonekana kama nyoka mweusi aliyejiviringisha. Si saratani, ni kidonge. Vituo vingi, kama utumbo ndio unaochunguzwa, humtaka mgonjwa aache metformini kwa saa 48, ila hilo huamuliwa na daktari wake, si jirani. Mgonjwa asiyeulizwa dawa anazomeza, au asiyejua jina la kidonge chake, anarudi na picha ya kutisha isiyo na sababu.

Hata hivyo, kwenye utumbo mpana kuna kitu nisingependa mtu akipuuze kwa kutumia makala haya. Mwako mrefu unaofuata utumbo kama barabara kwa kawaida hauna neno. Doa moja la duara, kali, lililosimama mahali pamoja wakati utumbo uliobaki umetulia, ni jambo jingine kabisa. Sehemu kubwa ya madoa ya namna hiyo hukutwa ni polipu au saratani changa. Doa hilo linahitaji kolonoskopi, yaani kamera ya utumbo mpana, tena mapema. Anayesema "utumbo huwaka tu" mbele ya doa kama hilo amekosea kwa kiwango kilekile cha yule anayesema kila kinachowaka ni saratani.

Ovari zinaonyesha jambo hili kwa uwazi ambao sijauona kwingine. Mwanamke wa miaka 28 aliye katikati ya mzunguko wake anaweza kuwa na doa kali kwenye ovari moja: yai linatoka. Akiwa kwenye siku zake, ukuta wa ndani wa mji wa mimba nao huwaka. Mchukue mama wa miaka 63 aliyekwisha koma hedhi, mwenye doa lilelile, mahali palepale, kwa namba ileile ya SUV. Kwa huyo doa hilo ni la kushukiwa mpaka lithibitike vinginevyo. Picha ni moja, maana ni mbili, na kinachozitenganisha ni tarehe ya kuzaliwa na swali moja la faragha. Swali hilo likiulizwa kwa heshima, na muuguzi wa kike kama inawezekana, mwanamke wa Kisamia au wa Kiteso atalijibu bila taabu.

Kuna hoja nyingine ambayo hutajwa mara chache, na kwangu ndiyo inayomaliza ubishi. FDG si dawa pekee ya kipimo hiki. Ipo inayotafuta saratani ya tezi dume, inayoitwa PSMA; yenyewe huzifanya figo, tezi za mate, ini, wengu na mwanzo wa utumbo mwembamba ziwake kwa mtu yeyote. Tena kuna mafundo madogo ya neva nyuma ya mfuko wa chakula ambayo huifyonza, na wasomaji wageni huyadhania tezi zenye saratani. Ipo nyingine, DOTATATE, ya kutafuta aina fulani za uvimbe wa homoni. Katika hiyo wengu ndio unaowaka kuliko viungo vyote. Wengu uleule wa mtu yuleyule utakuwa wa kijivu kwa FDG na mweusi kwa DOTATATE, bila mwili wake kubadilika hata kidogo. Basi "umewaka" ni maneno yasiyokamilika. Umewaka kwa dawa gani?

Na tugeuze upande. Imani kwamba kinachowaka ni saratani huzaa pacha wake: kwamba kisichowaka ni salama. Huyu ni hatari zaidi, kwa kuwa anapokewa kwa furaha. Homa ya ini aina ya B ipo miongoni mwetu, na saratani ya ini inaifuata. Saratani hiyo, inapokuwa bado inafanana na ini lenyewe, huwa na kile kimeng'enya cha kufuta muhuri, kwa hiyo huivujisha FDG kama ini la kawaida na kutoonekana. Takriban nusu tu ya saratani za aina hiyo, au zaidi ya hapo kidogo, ndizo zinazong'aa kwa FDG. Uvimbe wenye ute mwingi, na saratani nyingi za tezi dume, nazo zinaweza kupita kimya. Mgonjwa aliyeambiwa "hakuna kilichowaka, nenda nyumbani" huenda ameambiwa nusu ya habari.

Niseme neno juu ya safari, kwa sababu sehemu ya mwako wa uongo tunaibeba wenyewe kutoka huku. Mgonjwa anatakiwa afunge kula kwa takriban saa 6, maji tu ndiyo ruhusa. Njia za Busia na Malaba hukutana Mau Summit, na basi husimama Nakuru usiku. Baridi ni kali, chai ya maziwa na mandazi vipo, na msindikizaji mwenye huruma anamwambia mgonjwa, "Mzee, kunywa kidogo, safari bado." Sukari hiyo huamsha insulini, insulini huisukuma FDG kwenye misuli, na asubuhi picha inatoka misuli imewaka mwili mzima huku uvimbe wenyewe ukififia. Kijana anayebeba abiria kwa baiskeli kati ya mjini na mpakani, akiendesha mpaka siku ya kuamkia kipimo, mapaja yake yatakuwa meusi. Anatakiwa apumzike angalau saa 24. Na mtu mwembamba aliyetoka kwenye joto letu akaingia Nairobi mwezi wa Julai bila sweta, mafuta yake ya kahawia, ambayo kazi yake ni kuzalisha joto, huwaka shingoni, kando ya uti wa mgongo na hata karibu na figo. Blanketi moja katika chumba cha kusubiria linaweza kuondoa madoa ambayo yangezua kikao cha ukoo.

Msomaji mzuri wa picha, basi, hufanya nini? Kwanza, huuliza mahali: je, kiungo hiki hufyonza dawa hii kwa kawaida? Pili, huuliza umbo: mwako umesambaa na kufuata kiungo, au umejikusanya kama doa? Tatu, huifunika picha ya PET juu ya ile ya CT na kuona kama penye mwako pana kitu, maana mwako usio na uvimbe chini yake una uzito tofauti na wenye uvimbe. Juu ya hayo huweka umri, dawa, homa, hedhi, tarehe ya sindano ya mwisho, na picha ya zamani kama ipo. Akishafanya yote hayo na bado akabaki na shaka, huandika kwamba ana shaka na kupendekeza kipimo kinachofuata. Neno la shaka kwenye ripoti si uzembe wa daktari. Ni uaminifu wake.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, bahasha ikifika nyumbani, usihesabu madoa ya picha. Ipeleke kwa daktari na umwulize mambo matatu: dawa gani ilitumika, ni viungo vipi kati ya vilivyowaka ambavyo huwaka kwa kila mtu, na kama kuna doa lililobaki nje ya hivyo, litathibitishwaje. Akikwambia kipande kitolewe kikapimwe, kubali, usiogope kisu kuliko ugonjwa. Usiuze shamba kwa sababu ya figo mbili na kibofu.

Na kwenu mnaoandika ripoti hizi Nairobi, ninaomba jambo moja lisilohitaji mashine wala bajeti. Mwishoni mwa ukurasa ongezeni mistari mitatu ya Kiswahili, mkivitaja kwa majina viungo vilivyowaka kwa kawaida yake. Mama wa Amukura aliyesafiri usiku kucha na njaa ana haki ya kusoma mwenyewe kwamba lile doa kubwa la chini ni mkojo wake.